Mkono Kwanza

Uso wa malkia ulipotea jukwaani saa kumi kasorobo alasiri, mbele ya watu mia nne waliolipa kiingilio. Haukufunikwa wala haukugeuzwa pembeni. Ulipotea. Nyusi zilikwenda, midomo ikaenda, machozi ya damu yaliyochorwa mashavuni kwa saa nzima yakaenda, ukabaki mviringo mtupu kama yai lililomenywa. Gauni lake la kijani likageuka jeusi kama masizi.

Mtoto mmoja wa safu ya mbele akauliza kwa sauti, "Mama, mbona malkia hana uso?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Na hapo malkia alikuwa anamlilia mwanawe aliyeuawa.

Pembeni mwa pazia alisimama mwanamke aliyeuchora uso huo na kulishona gauni hilo. Watoto waliwahi kumwita Anti Rangi, jina likamganda, hata watu wazima wakalishika. Umri wake miaka thelathini na mmoja, hana ofisi wala mwajiri. Ofisi yake ni sanduku la bati lenye brashi, sponji na vikopo vya rangi. Leo anachora vipepeo kwenye sherehe ya mtoto, kesho anashona mkia wa simba kwa duka linalofunguliwa, keshokutwa ana mchezo wa jukwaani. Siku hiyo alivaa ovaroli ya bluu yenye mifuko sita, kilemba cha manjano, na penseli ya nyusi nyuma ya sikio kama seremala.

Alijua papo hapo kilichotokea. Uso alikuwa ameupaka nyeupe, kisha akachora kwa nyekundu. Weka taa nyekundu juu ya hapo, nyeupe itakuwa nyekundu, na nyekundu itabaki nyekundu, na mchoro wote umekwisha. Mtu aliyeshika brashi mwezi mmoja tu analijua hilo. Alijua pia ni nani aliyewasha taa nyekundu.

Hakungoja tukio liishe. Alipanda ngazi ishirini na mbili hadi kwenye kibanda cha taa, akausukuma mlango kwa goti.

"Umefurahi?"

Fundi taa aligeuka. Mwanamume mrefu, mabega mapana, shati la kijivu lenye alama za kuungua kwenye mikono, na utepe wa kunatishia waya umevishwa kifundoni mwa mkono kama bangili. Mkono wake ulikuwa bado juu ya swichi, anaishusha ile nyekundu polepole, lakini kicheko kilikwishatoka na hakuna swichi ya kukirudisha.

"Rangi, nisikilize."

"Umefurahi, nimekuuliza?"

"Nilikupigia mara kumi na moja tangu asubuhi! Mwongozaji kabadilisha saa nne. Kasema tukio la msiba liwe jekundu. Nimekupigia, simu yako hainipokei kabisa."

"Nimekufungia. Hutaingia kwenye simu yangu mpaka ufe."

"Sasa ningekuambiaje?"

"Kuna ngazi ishirini na mbili hapa. Miguu uliiazima?"

"Ulisema nikikanyaga mlango wa chumba cha kuvalia utanimwagia ndoo ya maji ya brashi kichwani. Mbele ya watu wote ulisema!"

"Ungelowa! Mtu akilowa anakauka. Mimi nitakauka lini?"

Fundi akasema neno ambalo angelimeza ingemfaa zaidi.

"Na wewe mbona hukuja na mkono?"

Anti Rangi alihisi masikio yanawaka. Alishika kitu cha kwanza alichokikuta, ikawa roli ya utepe, akamrushia. Ilimpata begani, ikadunda, ikaviringika hadi chini ya meza. Kisha akashuka ngazi zote ishirini na mbili akiwa na hasira maradufu, kwa sababu hilo la mkono lilikuwa kweli.

Huo mkono wenyewe ndio uliowakutanisha.

Mwaka mmoja na nusu nyuma, kwenye jengo jipya la maduka, siku ya ufunguzi. Muziki, maputo, wanawake na mifuko, watoto arobaini kwenye foleni ya kuchorwa. Anti Rangi alikuwa anamaliza chui wake wa tisa pale mtoto alipojitazama kwenye kioo akaanza kulia. Chui alikuwa na rangi ya maiti. Akainua macho. Juu ya ngazi ya chuma, mtu mmoja alikuwa anafunga taa ya kijani iliyomwelekea yeye moja kwa moja.

"We fundi! Hiyo taa yako imeniulia chui!"

"Chui wako alikuwa mgonjwa kabla sijafika," akajibiwa kutoka juu.

"Shuka hapa uyarudie hayo!"

Akashuka. Alikuwa na kicheko cha mtu asiyeona haya kukosea. Aliutazama ule uso wa mtoto, akatazama taa, akasema, "Ni kweli, nimemzika." Akaizima. Kisha, bila kuambiwa, akaketi kwenye kile kiti kidogo cha watoto, magoti yamefika kidevuni, akafumba macho.

"Nichore basi, nipigwe taa na mimi. Tuwe sawa."

Alimchora kibatari kwenye paji la uso, kile kitaa kidogo cha mafuta chenye utambi unaotoa moshi. Tangu siku hiyo akawa Kibatari wake. Na tangu siku hiyo wakawa na utaratibu wao. Kila kazi wanayofanya pamoja, Anti Rangi anapaka rangi zote za siku hiyo nyuma ya kiganja chake cha kushoto, mstari kwa mstari, anasimama katikati ya jukwaa tupu na kuinua mkono. Fundi anapitisha taa zake moja baada ya nyingine.

"Mkono kwanza," anapaza sauti kutoka juu.

"Mkono huu hapa, Kibatari."

"Hiyo ya tatu inakufa kwenye bluu."

"Ya pili je?"

"Ya pili inapendeza. Kama mwenyewe."

"Tazama taa, baba, usinitazame mimi."

Hawakuwahi kuharibikiwa. Waongozaji waliwaajiri kwa jozi, kama viatu.

Kilichoharibu ni simu. Wiki tatu kabla ya uso wa malkia kupotea, Anti Rangi alikuwa nyumbani kwa dada yake, fundi cherehani, ambako ana chumba cha uani cha kufanyia kazi. Mikono yake ilikuwa ndani ya plasta mpaka viwikoni, anafinyanga barakoa. Simu ikalia mezani. Fundi taa alikuwepo, akaipokea, akatoka nayo uani. Akarudi baada ya dakika mbili.

"Nani?"

"Watu tu. Wamekosea namba."

Hawakukosea namba. Alikuwa kiongozi wa kundi la maigizo linalozunguka miji, kundi ambalo Anti Rangi alikuwa amelitumia picha za kazi zake miaka minne mfululizo. Walikuwa wanamtaka awe mchoraji wao mkuu, miezi tisa barabarani. Fundi taa alimjibu kwamba hafanyi safari, ana mipango ya nyumba.

Anti Rangi alikuja kulisikia kwa mchoraji mwenzake dukani, wakati wananunua sponji.

"Shoga yangu, asante kwa kuniachia ile safari. Mumeo kasema huwezi, nikapewa mimi."

"Mume yupi?"

"Si huyo wa taa?"

Ndiyo siku aliyomtangazia ndoo ya maji machafu, kwenye mlango wa jukwaa, mbele ya wabeba mapazia. Fundi alijitetea kwamba alikuwa anatafuta vyumba viwili vya kupanga, kwamba alitaka kumwoa, kwamba miezi tisa ni mingi. Anti Rangi alimjibu kwamba hata mbuzi wa kununuliwa huangaliwa meno kwanza, yeye hakuangaliwa hata meno. Siku mbili baadaye ikaja siku ya onyesho. Alichora malkia bila kupeleka mkono jukwaani, kwa sababu kupeleka mkono kungekuwa kumtazama yule mtu. Tuseme ukweli: alijua ni kosa wakati analifanya.

Basi pale chini ya ngazi walikuwa wanamngoja wawili. Mwongozaji, mfupi, miwani imepanda kwenye kipara, alinyoosha kidole kwenye mlango.

"Sanduku lako, na wewe mwenyewe. Nje."

Wa pili ni malkia. Mwigizaji mkongwe, mwenye sauti inayofika safu ya mwisho bila kipaza sauti. Yeye ndiye aliyempa Anti Rangi kazi yake ya kwanza ya jukwaani na kumwita mwanangu mbele ya kila mtu. Alishika pindo la gauni lake la kijani, lile lililoshonwa kwa siku kumi na moja, lenye ukosi uliosimamishwa kwa nyaya za mwavuli, akajifutia uso nalo, nyeupe na nyekundu zikachanganyika kwenye kitambaa. Kisha akalivua, akaukanyaga ukosi ukavunjika, akaondoka na shumizi tu mwilini.

Siku zilizofuata simu ya Anti Rangi ilikuwa kimya kama jiwe. Sherehe mbili za watoto zilifutwa. Habari za uso uliopotea zilikuwa zimewahi kufika kuliko yeye.

Fundi taa, kwa kuwa amefungiwa, alimpigia dada mtu.

"Habari za asubuhi, shemeji."

"Ushemeji nani kakupa?" Dada alikuwa na pini tatu mdomoni na cherehani haikusimama. "Wewe si ndiye unayepokea simu za watu? Leo imekuwaje unapiga?"

"Dada, naomba uniitie tu. Dakika moja."

"Hafanyi simu. Ana mipango ya nyumba."

Akakata. Akacheka mpaka pini ikamdondoka. Anti Rangi, aliyekuwa sakafuni anachana gauni lililoharibika ili aokoe vifungo, hakucheka.

"Unampenda bado," dada akasema.

"Nampenda, nitafanyaje? Lakini ningempata hapa ningemng'ata."

Siku ya nane mwongozaji alipiga mwenyewe, sauti imelainika.

"Anti, rudi kazini. Mwenzio amekuja hapa, kaandika kila kitu. Kasema kosa ni lake peke yake, alibadilisha taa kwa siri, wewe hukujua lolote. Nimemfukuza. Tumalizane."

Dada alipiga makofi. "Umeona? Mwanamume kajitoa!"

Anti Rangi alisimama katikati ya vipande vya kijani, mkasi mkononi. Dada alipomtazama usoni aliacha kupiga makofi.

"Mbona hivyo?"

"Amefanya tena," Anti Rangi alisema. "Amefanya kilekile tena."

Alimkuta kwenye ukumbi wa harusi, saa nane mchana, juu ya ngazi, anafunga taa ndogondogo za mapambo kwa kibarua cha siku moja. Viti vilikuwa vimevishwa vitambaa vyeupe, hakuna mtu ila mpangaji maua mmoja kwa mbali.

"Shuka."

"Nikishuka utanipiga."

"Nitakupiga hata huko juu. Nani alikutuma kwa mwongozaji?"

Fundi alishika ngazi kwa mikono miwili. "Nilitaka urudi kazini. Nimebeba lawama yote, Rangi. Ulitaka nifanye nini zaidi?"

"Nilitaka uniulize! Taa uliibadilisha kwa siri wewe? Mwongozaji si ndiye aliyekuambia? Umenifanya mimi nini hapo, mtoto asiyejua lolote? Mimi nilijua! Sikuleta mkono! Ni mimi! Miaka tisa nashika brashi, nikikosea nikosee mwenyewe, mdomo wangu uutamke. Umenikatalia kazi kwa mdomo wako, sasa umeniombea msamaha kwa mdomo wako. Mdomo wangu mimi umeuweka mfuko gani?"

"Nilikuwa nataka kukusaidia."

"Ulinisaidia na ile simu pia?"

Mpangaji maua alijifanya anahesabu waridi. Fundi taa alishuka, ngazi moja, nyingine, mpaka chini, akasimama mbele yake bila kuinua macho. Yule mtu wa kicheko cha bila haya hakuwa na kicheko.

"Hapana," alisema. "Ile simu nilijisaidia mwenyewe. Niliogopa ukienda hutarudi."

Ndilo neno la kwanza la kweli alilolisema katika mambo yote hayo. Anti Rangi alilisikia, likamgusa, na kuguswa kukamzidishia hasira. Alimpiga kifuani kwa kiganja, mara moja, si kwa nguvu. Akaondoka.

Kesho yake alikwenda kwa mwongozaji, akaketi bila kukaribishwa.

"Aliyokuandikia fundi si kweli. Taa ulibadilisha wewe, na alinitafuta akanikosa kwa sababu nilimfungia. Mimi nilichora bila kupima. Kosa ni letu sote, na kubwa ni langu."

Mwongozaji alishusha miwani kutoka kwenye kipara. "Unajua kwamba nilikuwa nimekwisha kukurudisha?"

"Najua."

"Basi sikurudishi."

"Sawa. Na fundi?"

"Fundi kanidanganya kwa maandishi. Naye simrudishi."

Kutoka hapo akaenda kwa malkia. Mama yule alimfungulia mlango akiwa na kanga kiunoni na miwani ya kusomea, mzee kuliko alivyoonekana jukwaani. Alisikiliza yote akiwa amesimama.

"Ugomvi wa mapenzi," alisema mwishoni, taratibu. "Mimi nimechekwa na watu mia nne nikilia msiba, kwa ajili ya ugomvi wa mapenzi. Nimekusamehe, mwanangu. Usinichore tena."

Mlango ukafungwa bila kubamizwa. Ungebamizwa, Anti Rangi angeumia kidogo tu. Alilia njia nzima. Jioni hiyo, macho yakiwa bado yamevimba, alimpigia yule kiongozi wa kundi la kuzunguka.

"Mliambiwa sifanyi safari. Aliyesema hakuwa mimi. Mimi nafanya. Nafasi yoyote ikitokea, hata ya kuosha brashi, niiteni."

"Tutaona," akajibiwa.

Siku kumi na nane zikapita, fundi hakupiga, hakuja, hakumtuma mtu. Anti Rangi alikwishamfungulia kwenye simu siku ya tano kati ya hizo. Alikuwa anaikagua kila baada ya mteja, kisha anajitukana.

Siku ya kumi na nane ilikuwa Jumamosi, alikuwa kwenye lile jengo la maduka, kiti kilekile kidogo, kelele zilezile. Alimaliza kipepeo, akasuuza brashi, akasema "anayefuata" bila kutazama. Magoti mawili marefu yakaja yakafika kwenye kidevu.

Ameketi. Shati jeupe, limepigwa pasi vibaya, kola upande. Nyuma yake watoto wakaanza kulalamika.

"Huyu ni mkubwa! Anti, mfukuze!"

"Amepanga foleni?" Anti Rangi aliwauliza.

"Amepanga," binti mmoja alikiri kwa uchungu. "Ametukuta sita mbele yake."

"Basi ana haki." Akamgeukia, uso mkavu. "Unataka nini? Kipepeo, chui, buibui?"

"Chui. Yule niliyemzika."

Akachovya sponji. Alimpaka manjano kuanzia paji la uso, kwa nguvu kidogo kuliko inavyohitajika. Fundi akavumilia.

"Sikupiga," alisema akiwa amefumba macho, "kwa sababu sikujua kama unataka nipige. Nikaona nije niketi mahali ambapo unaweza kunifukuza."

"Naweza bado."

"Najua."

Alichora madoa ya shavu la kushoto, moja moja. Alikuwa amefika kwenye pua pale simu ilipolia. Ilikuwa juu ya sanduku la bati, karibu na goti la fundi. Vidole vyote kumi vya Anti Rangi vilikuwa na manjano na nyeusi.

Fundi alifumbua macho. Akaitazama simu. Akatia mikono yake yote miwili chini ya mapaja, akaikalia.

"Inalia," alisema.

"Naisikia."

"Jina la yule wa kundi limetokea."

"Nimeona."

Ililia mara nne, mara tano. Jasho lilimtoka fundi chini ya manjano. Anti Rangi alichukua kitambaa, akafuta kidole kimoja kimoja, hana haraka, akaipokea kwenye mlio wa mwisho.

"Ndiyo, ni mimi... Wa tatu? Msaidizi wa tatu... Chini ya yule mchoraji mwenzangu? Sawa. Miezi saba iliyobaki. Jumatano. Nakuja." Kisha, kwa sauti iliyosikika hadi mwisho wa foleni: "Ndiyo, nimeamua mwenyewe. Yupo hapa. Hajasema neno."

Akaiweka chini.

"Umenisikia?"

"Nimesikia. Jumatano." Fundi akaitoa mikono chini ya mapaja. "Vile vyumba viwili nilikwisha kuvirudisha."

"Nani alivichagua?"

"Mimi."

"Ulifanya vizuri kuvirudisha. Nikirudi tutavitafuta sote, na mimi nitakuwa na maneno mengi. Jikoni nitaangalia mwenyewe, na dirisha la chumba cha kazi nitaangalia mwenyewe."

"Hiyo ni ndiyo?"

"Ni ndiyo ya kuulizwa tena baada ya miezi saba. Kwa mdomo wako, mimi nijibu kwa mdomo wangu." Akamkazia macho. "Bado nina hasira na wewe, Kibatari."

"Naiona. Inapendeza kama mwenyewe."

"Tazama taa, baba." Lakini mkono wake wa kushoto alikuwa amekwisha kuunyoosha, mistari ya manjano na nyeusi nyuma ya kiganja, na fundi akaushika, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaupima kwa muda mrefu kuliko kazi inavyotaka.

"Anti!" yule binti akapiga kelele. "Sisi je?"

Fundi akanyanyuka, akawapisha, akatoka nje kwenye jua na chui wa upande mmoja.

Basi iligharimu hivi. Gauni moja la siku kumi na moja, lililookolewa vifungo tisa. Jukwaa moja, ambalo hakuna kati yao atakayelikanyaga tena. Sherehe mbili za watoto. Cheo cha mchoraji mkuu, kilichoshuka hadi msaidizi wa tatu. Mwanamke mmoja mzee aliyekuwa anamwita mwanangu. Siku kumi na nane bila hata salamu, na miezi saba ijayo ya kupendana kwa simu. Yote hayo kwa mazungumzo ya dakika mbili, uani, kwenye simu ya mtu mwingine.